Ukiletewa aliyekatwa na aliyemkata, unaanza na nani? Na vitani je?

Tabibu wa Kizota

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuungaunga apite tu, sitamlaumu.

Mimi ni tabibu, kitengo cha dharura, hapa hapa Dodoma. Hospitali siitaji. Jumamosi moja, saa tano usiku hivi, ziliingia bajaji mbili zimefuatana. Ya kwanza ilimbeba dereva bodaboda aliyepigwa panga chini ya kiwiko. Ya pili ilimbeba mwizi aliyempiga. Wananchi walishamfikia kabla ya polisi, na mnajua wananchi wakimfikia mtu anakuwaje.

Wa bodaboda alikuwa anapiga kelele mpaka walinzi wa getini wanasikia. Fulana waliyomfungia mkononi imelowa, lakini damu imeshaanza kukata, vidole vya moto, nikimwambia avichezeshe anavichezesha huku ananitukana. Mwizi alikuwa kimya. Damu nyembamba inatoka sikioni, pumzi inakoroma, mboni ya jicho la kushoto imetanuka kuliko ya kulia. Wenzangu wa kazi wameshajua nilielekea wapi. Anayepiga kelele, hewa inapita. Nilienda kwa aliyenyamaza.

Nimeinama namnyanyua taya, kaka yake bodaboda akanishika koti kwa nyuma akaniambia taratibu kabisa, "Dokta, umekosea kitanda." Kwa sekunde moja nilidhani kweli nimekosea kitanda.

Yaliyofuata sitawachosha nayo. Bodaboda alishonwa, mkono upo, anaendesha. Mwizi alipewa rufaa usiku ule ule. Jumatatu nikaitwa niandike maelezo kwa nini mhalifu alitangulizwa mbele ya raia mwema. Nikaandika ukurasa mmoja, yakaisha.

Kichwani hayakuisha. Jumapili iliyofuata nikaenda kwa mjomba wangu, Nkuhungu. Mzee huyu alikuwa mhudumu wa tiba jeshini, akaenda na wenzake mpaka Uganda vita vya Kagera. Nilimsimulia nikitegemea atanipigapiga begani. Akakaa kimya, akamtuma mjukuu wake dukani, akahakikisha ametoka, ndipo akaniambia habari ambayo hata mama yangu haijui.

Lukaya, Machi 1979. Kule Idi Amin alikuwa ameletewa askari wa Libya na Gaddafi, na pale barabarani katikati ya kinamasi palipiganwa haswa. Asubuhi mjomba alikuta majeruhi wamelazwa pembeni ya barabara, wetu wanne na Mlibya mmoja kijana, ana jeraha la tumbo. Wetu, mmoja alikuwa wa haraka. Wale watatu wangeweza kusubiri. Kwa mafunzo yake Mlibya alikuwa wa pili. Mjomba alimhudumia yule wa kwanza, kisha akawapitia wote watatu, akawafunga vizuri kabisa, bila haraka. Halafu akaenda nyuma ya gari akavuta sigara.

"Nilivuta nzima," akaniambia. "Wala sikuwa na hamu nayo."

Alipomrudia, kijana bado alikuwa hai. Akamfunga tumbo, akamwekea dripu, gari likampakia pamoja na wengine. Hajui kama alifika. Anachokumbuka ni kwamba muda wote ule alikuwa anarudia neno moja, "maya, maya", na mjomba alidhani anaita jina la mke au dada.

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1949, kifungu cha 12, unasema majeruhi wote wahudumiwe bila ubaguzi, na kinachoruhusu mmoja kumtangulia mwenzake ni uharaka wa kitabibu peke yake. Hautaji cheo, wala bendera, wala nani alianza. Yaani nilichoandika kwenye maelezo yangu kwa jasho la usiku mzima kilishaandikwa kabla mama yangu hajazaliwa.

Swali langu kwenu: hii kitu inawezekana kweli? Au ni maandishi tu, na wote tunavuta sigara nyuma ya gari?

Kipara Ngoto

Naweka kambi hapa. Wajuvi tiririkeni.

Mchunga Mbuzi Bahi

Mkuu umeandika vizuri ila mimi nipo na kaka wa bodaboda. Mtu amefuata panga, ameikuta. Kodi yangu ndiyo inanunua hiyo dripu. Na huko vitani ndiyo kabisa, unamponya adui leo, kesho anakulenga. Hizo sheria za Geneva wametunga watu wa kwenye barafu ambao hawajawahi kuibiwa hata kuku.

Tabibu wa Kizota

Wa barafu walishauana sana mkuu, usiwaonee. Tarehe 24 Juni 1859, Solferino, kaskazini mwa Italia, Wafaransa na Wasardinia kwa upande mmoja, Waaustria upande wa pili. Jioni maelfu wamelala shambani. Mfanyabiashara mmoja wa Uswisi, Henry Dunant, alikuwa anapita na shida zake za biashara, akakuta wanawake wa mji wa Castiglione wanaosha vidonda vya kila aliyeletwa kanisani, Mfaransa kwa Mwaustria, wanasema wote ni ndugu. Miaka mitano baadaye, Agosti 1864, nchi 12 zikasaini mkataba wa kwanza kabisa wa Geneva, babu wa hii ya 1949. Mzizi wake ni akina mama na ndoo za maji, hao wenye barafu walikuja baadaye na kalamu.

Kuhusu adui kurudi kukulenga: majeruhi uliyemkamata ni mateka. Unamponya, halafu anakaa kambini mpaka vita viishe. Harudi mstari wa mbele.

Koplo Mstaafu

Nakazia hapo kwa mateka. Ila niongeze la kwangu.

Nilikuwa Kongo, sisemi kikosi wala mwaka. Mnakumbuka Semuliki, tarehe 7 Desemba 2017. Vijana wetu 14 kwa usiku mmoja, kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa kule Beni, waasi wa ADF. Majeneza yaliposhuka Dar nchi nzima iliona.

Darasani tulifundishwa kwamba adui akishaangusha silaha, akashindwa kupigana kwa jeraha au ugonjwa, hayupo tena vitani. Ni mgonjwa. Na mwalimu alitusisitizia kwamba hata kama upande ule haujasaini chochote, wewe umesaini. Kifungu cha 3 kinachofanana kwenye mikataba yote minne ya Geneva ya 1949 kinayabana na makundi ya waasi, wakitii wasitii.

Nilifaulu mtihani ule. Lakini ukiniuliza ningefanya nini siku moja baada ya Semuliki kama angeletwa mmoja wao anavuja damu, sitakudanganya kwenye mtandao. Mjomba wako amerudi baada ya sigara moja. Najua watu ambao wasingerudi.

Mchunga Mbuzi Bahi

Koplo hapo umenigusa. Siandiki tena kwa leo.

(Naandika kidogo.) Kwa hiyo hata wewe huamini?

Koplo Mstaafu

Naamini, kijana. Ndiyo maana nasema mhudumu asiachiwe aamue kwa moyo wake siku ile. Moyo siku ile haufai. Apewe utaratibu kabla, rangi nyekundu (wa haraka) kwanza, njano inafuata, kijani (anayeweza kungoja) isubiri, na avae hiyo akili kama kofia.

Binti wa Sheria UDOM

Samahani wakubwa, naingia na upande wa hospitali yenyewe maana naona mnazungumzia mtu mmoja mmoja.

Kuna hoja nimeisikia mara nyingi, hata darasani, kwamba hospitali ikiwalaza wapiganaji basi imekuwa kambi na inapigika. Sivyo. Mkataba wa nne wa 1949, kifungu cha 19: kulaza askari majeruhi hakuiondolei hospitali ulinzi, na hata kukuta bunduki ndogo walizonyang'anywa majeruhi ambazo bado hazijakabidhiwa hakuiondolei. Inachoondolea ni kutumika kumdhuru adui nje ya kazi yake ya tiba, mfano kuweka mzinga juu ya paa. Na hata hapo lazima onyo litangulie, na muda wa kutosha pale inapofaa.

Sasa Kunduz, Afghanistan, tarehe 3 Oktoba 2015. Ndege ya kivita ya Marekani ilipiga hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka usiku. Watu 42 walikufa, wagonjwa, ndugu zao na wafanyakazi. Hospitali ilishawapa pande zote mahali ilipo. Uchunguzi wa jeshi la Marekani wenyewe ulisema ni makosa ya watu na mitambo, askari 16 wakapewa adhabu za kinidhamu, hakuna aliyepelekwa mahakamani kwa jinai. Mei 3, 2016 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2286 la kulinda huduma za afya vitani. Tuliuliza mhadhiri limesaidia nini, akatazama dirishani.

Kipara Ngoto

Mhadhiri namuelewa 😂

Nesi wa Zamani Ngara

Wanangu, mimi sasa hivi nimestaafu, nipo Area C na kuku wangu. Lakini mwaka 1994 nilikuwa Benaco, wilaya ya Ngara. Mwisho wa Aprili watu kama laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja. Hesabu hiyo huwezi kuielewa kwa kusoma. Unaamka asubuhi kilima ni cha kijani, jioni kilima kimevaa watu.

Mnauliza kumtibu adui. Sisi tulikuwa tunatibu watu ambao hatukuwajua, kisha polepole tukaanza kuwajua. Mtoto ana kuhara, unampa chumvi ya maji, baba yake amesimama nyuma ana adabu zote, na jirani anakunong'oneza baba huyo alifanya nini kule walikotoka. Mtoto bado anahara. Unafanyaje? Unampa mtoto. Na baba akija na jipu, unalipasua. Hapo sikuwahi kuyumba hata siku moja.

Palipoyumba ni pengine. Kambini viongozi walikuwa ni wale wale walioongoza mauaji kule Rwanda. Wao ndio walikuwa wanapanga foleni za chakula, wanaandika majina, wanaamua nani arudi kwao na nani asirudi. Kwa hiyo kila gunia na kila sanduku la dawa lilikuwa linawapa nguvu. Kuelekea mwisho wa mwaka ule Madaktari Wasio na Mipaka tawi la Ufaransa wakasema hatuwezi tena, wakaondoka, Zaire na kwetu. Matawi yao mengine yakabaki kwanza. Walibishana wao kwa wao, na sisi manesi wa Kitanzania tukabishana kwa kunong'ona.

Mpaka leo nawaheshimu kwa kuondoka, na bado nimewakasirikia. Wao walikuwa na ndege. Sisi tungeondoka kwenda wapi? Kwetu ndiyo pale.

Tabibu wa Kizota

Mama shikamoo. Hili sikuwa nimelifikiria kabisa. Yaani mgonjwa mmoja mmoja jibu lipo, shida inaanza pale huduma yote inapogeuka mkono wa upande mmoja.

Nesi wa Zamani Ngara

Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo, na huwa inageuka kidogo kidogo. Leo umeombwa orodha ya majina, kesho kiti cha mbele kwenye gari la wagonjwa.

Ostadhi wa Chang'ombe

Nafuatilia kimya kimya. Kuna neno moja nataka nilirudie baadaye, acheni kwanza mmalize.

Duka la Dawa Majengo

Mkono wa upande mmoja, hapo ndipo penyewe. Chukua Pakistan. Mwaka 2011 majasusi wa Marekani walimtumia daktari, Shakil Afridi, kuendesha kampeni ya chanjo ya homa ya ini Abbottabad ili wapate uhakika kama Osama yupo kwenye ile nyumba. Ilipojulikana, watu wakaanza kuwakimbia wachanjaji wote, hata wa polio ambao hawakuhusika na lolote. Kuanzia Desemba 2012 wachanjaji wakawa wanapigwa risasi, wengi wao akina mama wanaotembea nyumba kwa nyumba na kiboksi cha barafu begani. Mwaka 2014 Ikulu ya Marekani ikasema majasusi wake hawatatumia tena chanjo kama kificho. Wakati huo wachanjaji walishazikwa.

Na Kolombia, Julai 2008, jeshi lilikomboa mateka wa waasi wa FARC, mwanasiasa Ingrid Betancourt akiwemo, na baadaye rais Uribe akakiri kwamba askari mmoja alivaa alama ya Msalaba Mwekundu. Mateka walipona, wote tulifurahi. Lakini mwenye msalaba halisi anayefuata porini baada ya hapo atamwambia nini mwenye bunduki?

Kipara Ngoto

Mkuu wewe mwenyewe duka lako lina msalaba mwekundu mlangoni, nimepita jana 😂😂

Duka la Dawa Majengo

Ulikuwepo toka enzi ya mwenye nyumba. Nimeambiwa ni kosa, ile alama siyo ya maduka, inalindwa kisheria. Wa kupaka rangi anakuja wiki ijayo, tunaweka wa kijani.

Mkongwa Halisi

Kwetu Kongwa mnapasahau sana. Kuanzia 1964 pale palikuwa na kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO, SWAPO, ANC na wengine, kwenye majengo yaliyoachwa na Waingereza na mradi wao wa karanga uliokufa. Wazee wetu waliishi nao, wengine walioleana.

Kwa Mreno na kwa Kaburu, wale vijana walikuwa magaidi. Aliyewapa kidonge alikuwa anamtibu gaidi. Kwetu walikuwa ndugu wageni. Jina limegeuka kwa kuvuka mpaka tu. Na nilisoma kwamba nyongeza ya kwanza ya mikataba ya Geneva, ya 1977, iliingiza kabisa vita vya ukombozi dhidi ya ukoloni na ubaguzi kwenye sheria hizi, nchi zilizotoka kujitawala zilipigania hilo. Kwa hiyo wa barafu siyo peke yao walioandika, mchunga mbuzi.

Mchunga Mbuzi Bahi

Nimesoma, baba. Nimekubali hilo moja.

Binti wa Sheria UDOM

Na nyongeza hiyo hiyo, kifungu cha 16, inasema mtu asiadhibiwe kwa kufanya kazi ya tiba inayoendana na maadili ya taaluma, haidhuru aliyefaidika ni nani. Pia asilazimishwe kuwapa wa upande wa adui, wala wa upande wake mwenyewe, habari za wagonjwa wake zitakazowadhuru. Syria mwaka 2012 walitunga sheria za ugaidi ambazo kwa vitendo zilifanya kumtibu mpinzani kuwa kosa. Madaktari wakahamia kwenye vyumba vya chini ya ardhi.

Ila kifungu kina mlango: sheria za nchi yako mwenyewe zinaweza kukutaka useme. Tabibu, kwenu si ndiyo PF3?

Tabibu wa Kizota

Umenifikisha nilipokuwa naogopa kufika.

Kwa wasiojua (kama wapo), PF3 ni ile fomu ya polisi ya majeruhi. Inasaidia, siikatai. Aliyepigwa na mumewe bila ile fomu mahakamani atahangaika. Mimi huwa natibu kwanza, fomu inafuata. Lakini mtaani watu wanaamini bila PF3 hutaguswa, na wapo wahudumu wanaowapa watu sababu ya kuamini hivyo. Nimeshapokea kijana mwenye risasi ya pajani amekaa nayo siku tatu nyumbani, anakandwa maji ya chumvi, kwa sababu aliogopa fomu kuliko kidonda. Mguu ulikuwa unanuka kabla hajafika mlangoni.

Usiku ule wa Jumamosi, askari alifika nikiwa bado nahangaika na taya la mwizi, anataka ajibiwe maswali mawili tu. Nikamwambia afande, huyu hata jina lake hajui. Akakaa kwenye benchi akasubiri, tena kwa ustaarabu. Sasa jiulize hapa hapa Dodoma, nchi haina vita, fomu moja tu ya halali inamfanya mtu aoze mguu chumbani. Kwenye vita, aliyeshika kalamu akiwa ndiye aliyeshika bunduki, ni nani ataleta jeraha lake kwako?

Kwa hiyo nimeanza kulijibu swali langu la juu. Sikumtanguliza mwizi kwa huruma. Huruma yangu yote ilikuwa kwa wa bodaboda. Nilimtanguliza kwa sababu siku nitakayoanza kuchagua kwa huruma, kaka yake mwizi naye atakuja kunishika koti, naye atakuwa na haki.

Koplo Mstaafu

Umesema.

Ostadhi wa Chang'ombe

Sasa narudi kwenye neno langu. Nimesoma Tripoli miaka minne, enzi zile za ufadhili. Tabibu, mjomba wako alisikia "maya, maya"? Kwa Kiarabu cha mtaani kule Libya, mayya ni maji. Kijana hakuwa anaita mke. Alikuwa anaomba maji.

Nesi wa Zamani Ngara

Ee Mungu wangu.

Mchunga Mbuzi Bahi

Usimwambie mzee. Miaka arobaini na kitu, mwache.

Mkongwa Halisi

Amwambie. Mtu mzima huyo.

Tabibu wa Kizota

Nimekaa na simu mkononi kama nusu saa. Nimempigia.

Nilianza kwa kuzunguka, mvua, mahindi, mguu wake. Akaniambia mjomba sema ulichopigia. Nikamwambia, lile neno, kuna mtu amenitafsiria, ni maji.

Hakujibu kwa muda. Nilikuwa nasikia redio yake na kuku. Kisha akaniuliza, sauti ile ya kazini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Jeraha lilikuwa la tumbo, mjomba. Wa tumbo anapewa maji ya kunywa?"

Nikasema hapana, hapewi.

"Basi nisingempa."

Nikasema ndiyo.

Akanyamaza tena. Halafu akasema, "Lakini kitambaa ningelowesha. Midomo tu. Ile unaruhusiwa."

Nikamwambia unaruhusiwa.

Akasema sawa, akaniambia nimsalimie mama, akakata.